Majani Yanayostahimili Chumvi na Mabonde Yetu ya Mpunga



Wengi wenu wenye mabonde yaliyopakana na pwani mmetuuliza jambo moja: je, ni kweli kuwa huko bara, upande wa Bariadi na mkoa mzima wa Simiyu, ardhi iliyoharibika kwa magadi hufufuliwa kwa majani, na je, majani hayo yatatufaa hapa Pemba? Swali ni la haki. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka, na mwaka wa uhaba ndilo bonde linalotulisha. Bonde likiingia maji ya bahari, fedha ya karafuu huishia katika gunia la mchele.

Kwanza yafaa tujue kuwa chumvi si moja. Wasukuma wa Bariadi, Maswa na Meatu wana jina la kila udongo. Ule wauitao itogolo una tabaka gumu chini yake, na aghalabu magadi ndiyo yaliyolifanya tabaka hilo ligande. Maji ya mvua husimama juu, nao kwa akili yao wakachimba majaluba wakalima mpunga hapo hapo. Amma sisi adui yetu ni chumvi ya bahari, ile ile ya kutilia mchuzi, iletwayo na bamvua. Hii haigandishi udongo mara moja. Huuchoma mmea kwa kuunyima maji, hata kama mizizi imesimama majini.

Katika ardhi ya magadi majani yana kazi kubwa. Huko Pakistan hupandwa nyasi ziitwazo kallar. Mizizi yake hupasua lile tabaka gumu, na hewa inayotolewa na mizizi huyeyusha chokaa iliyolala udongoni. Chokaa hushika nafasi ya magadi, na magadi huteremka na maji. Pasipo chokaa hapana budi kutia jasi. Sehemu kubwa ya Simiyu ilikuwa ndani ya Shinyanga hadi mwaka 2012, na mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 uliwarudisha watu kwenye ngitili, yaani malisho yanayofungwa yapumzike. Hayo hayakufanywa kwa ajili ya magadi, lakini ardhi iliyovikwa majani hunyauka kidogo, na chumvi ya chini haipandi juu kwa jua.

Sasa turudi kwetu. Mboga ya pwani, ambayo kila mtoto wa Pemba anaijua, huvuta chumvi na kuiweka katika majani yake manene. Wataalamu wa India walipima jambo hili, na taarifa yao ya mwaka 2007 yasema kuwa hekta moja ya mboga hiyo ilitoa kilo 474 za chumvi kwa miezi 4, yaani kilo 190 hivi kwa eka. Si haba! Lakini pigeni hesabu. Udongo wa eka moja, kina cha futi moja, una uzito upatao tani 1,700. Ukiwa na chumvi sehemu 3 katika kila 1,000, hizo ni tani 5. Itabidi mwenye bonde apande na kuvuna zaidi ya mara ishirini na tano, na kila mara ayatoe majani nje ya bonde, maana yakiozea humo chumvi imerudi.

Kwa hiyo mwenye kuitoa chumvi hasa ni mvua. Mmea kazi yake ni kuufungulia maji njia, na kuufunika udongo kiangazi. Mvua tunayo, tena nyingi kuliko ya Bariadi.

Lakini mlango wa bahari ufungwe kwanza. Sisi wa ofisi tulikosea hapa. Katika bonde moja tulihimiza watu wapande sesbania, mti mdogo wa jamii ya kunde, na tuta lilikuwa bado lina pengo. Miche ilikuwa imefika magotini ilipokuja bamvua, na kwa juma moja ikakauka yote. Lawama ilikuwa yetu.

Basi utaratibu ni huu: tuta lijengwe lisiwe na pengo, liwe na bomba lenye kifuniko kinachofunguka kwa maji ya mvua kutoka na kujifunga bahari inapopanda. Nje yake ipandwe mikandaa na michu ipunguze nguvu ya mawimbi, kama walivyojitahidi kupanda mikoko wenzetu wa Kisiwa Panza. Ndani maji ya masika yazuiwe siku kadhaa, kisha yaachiwe, na yarudiwe tena. Ndipo sesbania ipandwe, ikatwe na kufukiwa kabla ya mpunga. Pamba ya Bariadi huvumilia chumvi zaidi ya mara mbili ya mpunga, kwa hiyo asije mtu akaona jani limeota akadhani mpunga nao utakubali.

Kabla ya yote, chukua bonge kavu la udongo, litie taratibu katika gilasi ya maji ya mvua, usilikoroge. Asubuhi maji yakiwa bado ni kama chai ya maziwa, huenda udongo una tabia ya magadi, na dawa yake ni nyingine. Maji yakiwa safi na mpunga wako unaungua, hiyo ni bahari. Mleteni udongo wenu ofisini kabla ya masika, kila bonde katika mfuko wake, na jina la bonde liandikwe juu.