Chokaa kwenye pasi ya mvuke

Kanzu nyeupe ndiyo inayofichua hali ya pasi. Kwenye suruali nyeusi doa la kahawia halionekani, kwenye shuka la maua linajificha, lakini pasi ikitema tone moja la maji ya rangi ya chai kwenye kifua cha kanzu ya Ijumaa, nyumba nzima inajua kuna tatizo. Wengi wakifika hapo hukimbilia siki au ndimu. Naomba tusimame kidogo kabla ya kufungua chupa, kwa sababu pasi nyingi zinazofika kwa mafundi zikiwa hazifai tena zimeponzwa na dawa ya kutolea chokaa kuliko chokaa yenyewe.

Ndani ya pasi ya mvuke, juu kidogo ya uso unaogusa nguo, kuna chemba ndogo ya aluminiamu inayopata moto pamoja na uso huo. Maji hudondokea humo kutoka tangini kupitia vali yenye tundu jembamba, na kila tone hugeuka mvuke papo hapo. Mvuke unatoka, madini yaliyokuwa yameyeyuka majini yanabaki. Maji ya visima vingi vya Unguja, Mombasa na Dar es Salaam yamepita kwenye mawe ya matumbawe kabla ya kufika kwenye ndoo, na matumbawe ni chokaa, kwa hiyo yamebeba kalsiamu nyingi. Maji ya bomba yanayotoka mto Ruvu huwa na nafuu, lakini nyumba ngapi za Dar hazichanganyi bomba na kisima kwenye tangi moja la juu?

Tufanye hesabu. Maji yenye zaidi ya miligramu 180 za chokaa kwa lita huhesabiwa kuwa magumu sana. Chukua ya miligramu 300. Tangi la pasi la mililita 300 litakuwa na miligramu 90. Ukilijaza mara tatu kwa wiki, kwa mwaka umepitisha gramu 14 za chokaa kwenye chemba hiyo ndogo. Nyingine hutoka na mvuke na kuangukia nguo kama vumbi jeupe, na iliyobaki hugandamana kuwa ukoko. Ukoko haupitishi joto vizuri, hivyo tone linaloangukia juu yake halichemki kwa wakati. Linatapakaa, linabeba vipande vilivyobanduka, na linatoka kwenye matundu likiwa bado maji.

Kabla ya kulaumu chokaa, angalia mambo mawili. La kwanza ni joto. Nukta zilizo kwenye kirungu cha kuchagulia joto si mapambo: kwa alama za kimataifa za lebo za nguo, nukta moja ni nyuzi 110 za Selsiasi, mbili ni 150, tatu ni 200. Ukiweka nukta moja na kufungulia mvuke, pasi mpya kabisa itavuja, kwa kuwa chemba haijapata moto wa kutosha. La pili ni marashi. Najua raha ya nguo inayonukia waridi, na sina ugomvi nayo, ila marashi, maji ya wanga na dawa za kulainisha nguo zikimiminwa tangini huungulia ndani ya chemba, na uchafu wake ndio huo wa kahawia. Marashi yanyunyize kwenye nguo baada ya kupiga pasi, au ifukize udi kama kawaida.

Ukitaka kujua maji yako yakoje, chukua chupa mbili ndogo zenye mifuniko. Moja itie maji ya kisima, nyingine maji ya mvua, kwa kiasi sawa. Kwangua sabuni ya mche, weka chembe zilezile kila upande, tikisa. Ya mvua itajaa povu jeupe hadi shingoni. Ya kisima itatoa povu hafifu linalokufa haraka, na maji yatakuwa na ukungu wenye mabonge madogo. Halafu dondoshea tone la maji ya kisima kwenye kioo, liache likauke, na juu ya alama nyeupe inayobaki weka tone la siki. Vikitokea vipovu vidogo, hiyo ni chokaa. Alama ikiyeyuka kimya kimya, huenda ni chumvi ya bahari iliyoingia kisimani. Chumvi haibandikani kama chokaa lakini hula chuma, na maji ya namna hiyo hayafai kabisa kwa pasi.

Sasa kusafisha. Pasi nyingi za siku hizi zina kitufe kilichoandikwa Self Clean au Calc-Clean, na wenye pasi wengi hawajakigusa tangu waitoe dukani. Kazi yake ni kufungua njia ya maji yote kwa pamoja ili yaisukume nje chokaa iliyolegea. Jaza tangi maji safi hadi alama ya mwisho, funga mvuke, weka joto la juu kabisa, na subiri taa izimike. Iache iwake na kuzimika mara nyingine ili joto lipenye. Kisha chomoa plagi, na usianze hatua inayofuata kabla ya kuichomoa. Ishike pasi ikiwa imelala sawa juu ya sinki, au juu ya karai la chuma lililowekwa sakafuni kama nyumba haina sinki. Beseni la plastiki litalainika. Bonyeza kitufe na uitikise taratibu mbele na nyuma. Mvuke na maji yanayochemka yatatoka kwa nguvu pamoja na magamba meupe, kwa hiyo mikono iwe juu kwenye mpini, miguu iwe mbali, na watoto wawe nje ya chumba. Tangi likiisha, iache ipoe, jaza tena, rudia. Mara ya pili mara nyingi hutoa magamba mengi kuliko ya kwanza, kwa sababu kupata moto na kupoa huifanya aluminiamu itanuke na kusinyaa kuliko ukoko ulioishikilia, na ukoko hupasuka. Maliza kwa kuipasha moto ikiwa tupu na kuipitisha kwenye kitambaa kikuukuu. Kwa maji magumu fanya hivyo kila baada ya wiki mbili.

Pasi isiyo na kitufe hicho husafishwa kwa njia hiyohiyo: ipashe moto, chomoa, fungulia mvuke wote na ubonyeze kitufe cha kurusha mvuke mpaka kisitoe kitu, halafu mwaga maji yaliyobaki.

Siki je? Siki nyeupe ina asidi ya asetiki kama asilimia 5, na ni kweli huyeyusha chokaa. Lakini chemba ya aluminiamu imepakwa utando unaosaidia tone kutandaa na kuchemka vizuri, na asidi ya moto huula utando huo, kisha hula aluminiamu yenyewe na kuharibu raba zinazozuia maji yasivuje. Ndiyo maana vijitabu vingi vya pasi hukataza siki tangini. Kama cha kwako kinaruhusu dawa ya chokaa, tumia iliyotajwa humo kwa kipimo kilichoandikwa. Maji ya ndimu ni mabaya zaidi kwa kuwa yana sukari na nyama ya tunda, na vyote huungua. Unga wa ndimu unaotengenezea ubuyu unasafisha birika vizuri sana, maana maji ya birika hayapiti nyuzi 100. Kwenye pasi yenye nyuzi 200 asidi yake huvunjika na kubaki masizi.

Kwa nje, siki inakubalika. Pasi ikiwa baridi na imechomolewa, lowesha kitambaa cha pamba kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kitandaze kwenye sahani, na uilaze pasi juu yake kwa nusu saa. Toa uchafu wa matunduni kwa kijiti cha meno cha mti. Pini na sindano hukwaruza kingo za matundu, na mkwaruzo huo ndio utakaonasa uzi wa hariri. Futa kwa maji matupu. Nailoni iliyoyeyuka usoni ilainishe kwa joto dogo, chomoa, kisha ikwangue kwa ubapa wa mwiko wa mti. Waya wa kusugulia masufuria usiuguse uso wa pasi. Mazoea ya kupaka mshumaa usoni yalifaa pasi ya mkaa, ambayo uso wake hauna matundu. Kwenye pasi ya mvuke nta hutiririkia ndani na kurudi kwenye nguo kama doa la mafuta.

Kuhusu maji ya kujazia, ya kisima yakichemshwa, yakaachwa yapoe na kutuama usiku kucha, hupoteza sehemu ya chokaa yake. Mimina ya juu polepole na uache vumbi la chini. Maji ya mvua yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa na mvua za kwanza na kuchujwa ni mazuri zaidi. Yanayodondoka kwenye kiyoyozi yamebeba vumbi na ukungu, yaache. Kuna wanaonunua maji ya betri, na hapo nawasihi wawe waangalifu mno: maduka ya vipuri huuza maji yaliyotolewa madini ya kuongezea betri, na pia asidi ya salfuriki ya kujazia betri mpya, kwenye chupa zinazofanana. Asidi hiyo ikitiwa kwenye pasi ya moto hutoa mvuke unaounguza macho na mapafu. Lebo isiposema wazi kilichomo, usinunue.

Yapo pia makosa ambayo usafi hauyaponyi. Maji yakivuja kwenye maungio ya tangi, waya ukiwa umechanika shingoni, au ukihisi mtekenyo wa umeme unapogusa uso wa pasi, chomoa na uipeleke kwa fundi. Pasi ya wati 2,000 huvuta takriban ampea 9, na ina maji ndani yake. Waya wa ardhi kwenye pini ya tatu ndio unaomlinda aliyeishika. Ukiichomeka kwa adapta ya pini mbili umeuondoa ulinzi huo, hata kama pasi ni mpya.