Ghuba ya Gazi: Neema Iliyo Amana

Atokaye Mombasa kuelekea Lungalunga, akivuka Likoni na kuipita Ukunda, hufika Gazi, kijiji cha Kwale kilicho kiasi cha kilomita 50 kutoka mjini. Hapo bahari imetulia. Rasi ya Chale imeikinga ghuba upande wa mashariki, na mawimbi makubwa huvunjika kwenye miamba ya nje. Ndiyo maana hata kusi ikivuma, ngalawa na mitumbwi hupata maji ya kuvulia.

Mvuvi wa hapa huhesabu siku zake kwa mwezi uleule utupao Ramadhani na Idi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Baina yake ni maji mafu. Mwenye kuwapeleka watoto na awaonyeshe hesabu hii ya Mola wao.

Kandokando ya ghuba imesimama mikoko, mikandaa na michu. Katika mizizi yake samaki wachanga hujificha na kukua kabla ya kutoka kwenda mwambani. Akina mama wa Gazi wana njia yao ya mbao ipitayo kati ya miti hiyo, na ada ya wageni huwafaa. Nao mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, hulinda hekta 117. Mapato yake yamewafikishia watu wa Gazi na Makongeni maji, na kuzisaidia shule zao.

Lakini neema isipolindwa huondoka. Juya, lililopigwa marufuku nchini tangu 2001, hukokota wakubwa na wachanga pamoja. Aliyevuta juya ana dhambi yake. Hata hivyo, asingelivuta lau samaki wachanga wasingekuwa na mnunuzi. Na mnunuzi mara nyingi ni mama karanga, mjane pengine, ambaye mtaji wake haufikii samaki mkubwa. Huyu hatumlaumu kwa ulimi tu tukamwacha na njaa yake. Wenye uwezo wamkopeshe karadha njema isiyo na riba, anunue samaki aliyekomaa. Nasi tununue kwake, japo bei imezidi kidogo.

Ndugu zangu, tukimaliza kula leo walichopaswa kula wajukuu wetu, tutakuwa tumeila amana. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kushukuru kwa vitendo. Amin.