Gari Lililoshushwa na Matuta ya Barabarani: Mambo Ambayo Mmiliki Anapaswa Kuyafahamu

Magari madogo yaliyotumika kutoka Japani yamekuwa tegemeo la familia nyingi nchini, kwa safari za kazini na shuleni na pia kwa biashara ya teksi. Baadhi ya wamiliki huyashusha zaidi kwa kufunga springi fupi au kukata zilizopo, kwa lengo la kuyapa mwonekano wa kuvutia. Wengine huyanunua yakiwa yameshashushwa huko yalikotoka, na hutambua jambo hilo siku ya kwanza gari linapokwaruza tuta.

Sauti hiyo ya kukwaruza huonekana kuwa kero ndogo, lakini chini ya gari ndiko zinakopita sehemu ambazo uhai wa injini na usalama wa abiria hutegemea. Makala haya yanaeleza kwa nini gari hugusa chini, madhara yake, na namna ya kuishi na gari la aina hiyo bila kuliharibu wala kuhatarisha watumiaji wengine wa barabara.

Kimo cha tuta si kigezo pekee

Magari mengi madogo ya abiria huwa na nafasi ya sentimita 13 hadi 17 kati ya sehemu ya chini kabisa ya gari na barabara. Gari lenye sentimita 15 likishushwa kwa sentimita 5 hubaki na 10. Abiria watano wakipanda na mizigo ikajaa nyuma, springi hubonyea na nafasi hiyo hupungua zaidi. Ndiyo maana gari huvuka tuta salama asubuhi likiwa na dereva peke yake, kisha likagonga tuta hilo hilo jioni likiwa limejaa.

Umbo la tuta nalo lina uzito mkubwa. Umbo linalojulikana sana katika uhandisi wa barabara, lililotokana na utafiti uliofanyika Uingereza katika miaka ya 1970, lina mgongo wa duara wenye urefu wa mita 3.7 kwa kufuata mwelekeo wa gari, na kimo cha sentimita 10 katikati. Toyota IST ina umbali wa mita 2.5 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Gari hilo likiwa katikati ya tuta la namna hiyo, magurudumu yote manne huwa bado yako juu ya mgongo wa tuta, hivyo kilele hupanda kuelekea tumbo la gari kwa takribani sentimita 4.5 tu. Toyota Crown, ambayo matoleo yake kadhaa yana umbali wa mita 2.85 kati ya magurudumu hayo, hupanda kilele hicho kwa takribani sentimita 6.

Hali ni tofauti kabisa kwa tuta fupi lenye urefu wa mita moja na kimo hicho hicho cha sentimita 10. Hapo magurudumu ya mbele huwa yameshashuka upande wa pili kabla ya yale ya nyuma kupanda, na sentimita zote 10 huelekea tumbo la gari. Crown iliyoshushwa hadi kubaki na sentimita 10 huvuka tuta la kwanza ikiwa na akiba ya sentimita 4, lakini tuta la pili haina akiba yoyote, hata ikiwa tupu.

Hesabu hiyo inaonesha pia madhara ya matuta ya udongo, mawe au zege yanayowekwa mitaani na wakazi bila ushauri wa kitaalamu. Mtaa wenye tatizo la mwendokasi unashauriwa kuwasilisha ombi kupitia serikali ya mtaa kwa mamlaka inayosimamia barabara husika. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) husimamia barabara za wilaya na mitaa, na Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS) husimamia barabara kuu na za mikoa.

Kinachoharibika

Sehemu inayoathirika mapema ni sampo, yaani chombo kinachohifadhi oili chini ya injini. Ufa mdogo huvujisha oili taratibu, na dereva asipogundua, injini huweza kuzima na kuharibika kabisa. Nyingine ni bomba la moshi, giaboksi, na katika magari mengi mabomba ya mafuta na ya breki. Bomba la moshi lililopasuka huweza kuingiza ndani ya gari hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu na inaweza kuua. Bomba la breki likitoboka, breki hupungua nguvu au kukosekana.

Kwa sababu hiyo, gari likigonga chini kwa nguvu, dereva anapaswa kuegesha mahali salama na kuchungulia chini. Matone ya oili, harufu ya petroli, mngurumo mpya wa bomba la moshi au pedali ya breki iliyolegea ni dalili za kutoendelea na safari. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, injini izimwe mara moja. Aidha, si salama kuingia chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

Namna ya kuvuka

Dereva anashauriwa kupunguza mwendo mapema, kisha kuachia breki kabla tu ya magurudumu ya mbele kugusa tuta. Gari linalofungwa breki juu ya tuta huinamisha pua, na bampa la mbele hushuka wakati ambapo nafasi inahitajika zaidi. Mwendo uwe wa taratibu hadi magurudumu ya nyuma yashuke, kwa kuwa gari linalodondoka kwa kasi hubonyeza springi na kugonga upande wa pili.

Mahali pa kuingilia nyumbani au kwenye kivuko cha mtaro, kuingia kwa mshazari husaidia, kwa kuwa gurudumu moja hupanda kabla ya jingine. Mbinu hiyo isitumike kwa kuhamia upande wa magari yanayokuja, wala kwa kukwepa tuta kupitia pembeni wanakotembea watoto na waendesha baiskeli. Tuta liliwekwa kwa ajili yao. Katika barabara ya Morogoro hadi Iringa, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, matuta hulinda pia wanyamapori.

Kwenye barabara za udongo zenye mikondo iliyochimbika, gurudumu moja lipitishwe juu ya kingo ya katikati na jingine pembeni, badala ya kuiacha kingo hiyo ikwaruze tumbo la gari. Msimu wa masika na wa vuli, dimbwi lisilojulikana kina lisivukwe. Gari likizimika ndani ya maji, lisiwashwe tena, bali livutwe, kwa kuwa maji yakiingia ndani ya injini huweza kuivunja.

Kabla ya kushusha gari

Springi iliyokatwa huwa fupi na ngumu, na huweza kuchomoka mahali pake gurudumu linaponing'inia. Shokapu huchoka mapema, tairi huweza kusugua bodi, na mwelekeo wa magurudumu pamoja na wa taa za mbele hubadilika. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka gari linalotumika barabarani liwe katika hali salama. Ni vyema pia kuitaarifu kampuni ya bima kuhusu mabadiliko yoyote, ili yasije yakazua utata wakati wa kudai fidia.

Anayenunua gari lililotumika anashauriwa kupima kwa futi, kwenye sakafu tambarare, nafasi iliyopo chini ya sehemu iliyo chini zaidi kati ya magurudumu. Vipimo vichukuliwe gari likiwa tupu, kisha familia ikiwa imeketi ndani. Iwapo kipimo cha pili kiko chini ya sentimita 10, njia iliyo salama zaidi ni kurejesha springi za kiwango cha mtengenezaji. Bamba la chuma la kukinga injini husaidia kuzuia mikwaruzo, lakini nalo huchukua sehemu ya nafasi hiyo hiyo, na haliwezi kuwa mbadala wa springi sahihi na mwendo wa tahadhari.