Jiwe la Tukuyu si jiwe la Makunduchi: usimwage chokaa kabla hujajua umesimama juu ya nini



Mwezi uliopita kijana mmoja mwenye shamba la tungule upande wa Makunduchi kanipigia simu: "Bwana shamba, nshanunua mapolo ishirini ya chokaa, nimwage lini?" Kumbe kaona video ya mkulima wa Tukuyu, kule Rungwe mkoani Mbeya, anasifu chokaa. Nikamwambia asifungue hata polo moja. Mkulima wa Tukuyu hakusema uongo, ila jiwe lake si jiwe letu.

Turudi skuli kidogo. Miamba hupangwa makundi matatu kwa kuangalia imezaliwaje: miamba ya moto, miamba mashapo, na miamba geu, yaani iliyobadilishwa na joto na mgandamizo. Leo tulinganishe mawili ya mwanzo.

Jiwe la Tukuyu: mwamba wa moto

Mlima Rungwe ni volkano. Jiwe liliyeyuka chini ya ardhi, likatoka kama uji wa moto, likapoa na kuganda. Mojawapo ni bazalti, jeusi na zito. Likimomonyoka hutoa chuma, kalsiamu, magneziamu na potasiamu. Lakini mvua ya kule ni nyingi mno, inaosha kalsiamu na magneziamu, udongo unabaki na asidi. Ndo maana chai inastawi, na ndo maana mazao mengine yanahitaji chokaa.

Jiwe la uwanda: mwamba mashapo

Letu halikupita motoni. Limejengwa na viumbe wa baharini, hasa matumbawe. Zamani bahari ilikuwa juu kuliko leo. Maji yaliposhuka, matumbawe yakabaki nchi kavu yakawa jiwe. Ndilo lililojenga kuta za Mji Mkongwe, na likichomwa kwenye tanuri ndo linakuwa chokaa. Sasa kijana, unamwaga chokaa juu ya chokaa!

Udongo wa uwanda mara nyingi pH yake imepita 7, pengine inafika 8. Hapo chuma na zinki vinaweza kuwemo lakini mmea hauvipati: majani machanga yanakuwa manjano, mishipa inabaki kijani. Fosfeti nayo inashikwa na kalsiamu. Ukiongeza chokaa, unazidisha ugonjwa kwa pesa yako mwenyewe.

Ufanye nini?

- Kwangua jiwe la shambani upate unga, dondoshea ndimu au siki. Likitoa povu, hilo ni la chokaa. Bazalti haitoi.
- Pima pH kabla ya kununua chochote. Usikisie, maana hata kinongo, udongo wetu mwekundu, unaweza kuwa umeoshwa na mvua ukawa na asidi kidogo.
- Uwandani tia samadi iliyooza au mboji kwenye mashimo, na weka matandazo.
- Salfeti ya amonia inafaa zaidi kwa udongo huu. Ukitumia urea, ifukie. Ukiiacha juu nitrojeni inapotea hewani.

Yule kijana? Mapolo yake kamuuzia fundi anayejenga. Kapata hasara ya nauli tu, na tungule zake zimesalimika. Kabla ya kuiga video, uliza kwanza: huyu kasimama juu ya jiwe gani?