Mali ya Kiongozi na Kauli Yake (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu iliyotangulia tulieleza jinsi raia wanavyowapima viongozi kwa majumba yao. Leo tuitazame rai ile isemayo kwamba mwenye mali nyingi hana haki ya kuwasemea maskini. Hapa Eldoret mjadala huu haukauki vinywani, kwa kuwa Sugoi, nyumbani kwa William Ruto, si mbali nasi, naye mwaka 2022 aliomba kura kwa jina la mahasla, yaani walalahoi, ilhali mwaka mmoja kabla yake Waziri Fred Matiang'i alikwisha kuitajia kamati ya Bunge mashamba, hoteli na nyumba zilizolindwa na polisi, alizosema zinahusiana na Ruto.

Hata hivyo, historia yetu haikubali hukumu ya haraka. Bildad Kaggia, aliyehukumiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, aliwatetea wasio na ardhi, na jaza yake ilikuwa kusutwa hadharani na Kenyatta mwenyewe mwaka 1965, kwamba wenzake wa kifungoni wamejichumia mali ilhali yeye hana kitu. J. M. Kariuki, kinyume chake, alikuwa tajiri mwenye mashamba na farasi wa mashindano, naye ndiye aliyeonya Kenya isije ikawa nchi ya matajiri kumi na mafukara milioni kumi, mpaka akauawa Machi 1975. Ufukara haukumpa Kaggia heshima mbele ya wakubwa, wala utajiri haukumfumba Kariuki kinywa. Apimaye kwa ukubwa wa nyumba atawakosa wote wawili.

Kipimo cha haki ni maswali mawili: mali ilipatikanaje, na je, mwenyewe anapokata shauri la umma, maslahi yake yamo ndani ya shauri hilo? Nchini Tanzania, Azimio la Arusha la 1967 lilijibu kwa kumkataza kiongozi hisa za kampuni, mishahara miwili na nyumba za kupangisha, ingawa masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Kenya ilishika njia nyingine, kwani Tume ya Ndegwa ya 1971 iliwaruhusu watumishi wa serikali kufanya biashara zao huku wakiwa kazini.

Natija ya njia hiyo sisi wa Uasin Gishu tunaijua kwa mahindi. Bei ya serikali ilikuwa shilingi 3,200 kwa gunia la kilo 90, na mwaka 2018 wakulima waliokwisha kupanga foleni na matrekta yao nje ya maghala ya Halmashauri ya Nafaka na Mazao walikuwa wangali wakidai fedha zao, hali wafanyabiashara wakubwa walikwisha kulipwa mamilioni. Mbunge aagizaye mahindi ya nje, akipiga kura juu ya ushuru wa mahindi, hata akiishi katika kibanda, anajipigia yeye. Na mwenye ghorofa asiye na maslahi humo aweza kuamua kwa insafu.

Sheria ya Maadili ya 2003 iliwalazimu maafisa kutangaza mali zao, lakini fomu hizo zikawekwa mahali ambapo raia hafiki kwa urahisi. Maadamu zimefichwa, hatutaweza kumtenga mwadilifu tajiri na mnafiki tajiri, na dhana mbaya itawaandama wote.

Itaendelea: Sura ya Sita ya Katiba.