Watu na Mashine Katika Mtandao Mmoja (Sehemu ya Pili): Mbinu ya Usanifu Ipimwe kwa Wahandisi

Katika sehemu ya kwanza tulitazama Wikipedia, ambamo wahariri wa kujitolea hufanya kazi pamoja na programu kama ClueBot NG, inayofuta uharibifu kwenye kurasa bila kusubiri amri ya mtu. Swali la leo ni gumu zaidi: mbinu ya kusanifu mitandao ya aina hii tutaipimaje?

Mbinu ninayoizungumzia ni ya mradi wa HUMANE, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya kuanzia 2015 hadi 2017, ambao ulipendekeza vigezo vinane vya kuuchambua mtandao kabla ya kuujenga: uhuru wa watu kutenda na ule wa mashine, nguvu ya uhusiano baina ya watu, na baina ya mtu na mashine, ukubwa wa mtandao na eneo unalofikia, jinsi kazi zinavyotegemeana, na kama mpangilio hutoka juu au huchipuka kutoka chini.

Watakaoitumia mbinu hii ni wahandisi wa programu, ambao wamezoea kuanza na orodha ya mahitaji. Ukiwapa dodoso linalouliza kama vigezo hivi vinafaa, wengi watajibu vinafaa, nawe hutakuwa umejua lolote. Kipimo cha haki ni kuwapa kazi, kisha kutazama kama uamuzi wao umebadilika.

Chukua Ushahidi, jukwaa lililozaliwa Kenya Januari 2008 ili kuweka taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi kwenye ramani. Tetemeko lilipoipiga Haiti mwaka 2010, jukwaa hilo hilo lilitumika huko. Watu walituma ujumbe kwa namba 4636, mwingi ukiwa kwa Krioli, na watu wa kujitolea, wengi wao Wahaiti waishio ng'ambo, wakautafsiri. Mhandisi anayefikiria mashine peke yake ataongeza seva. Aliyepitia kigezo cha kutegemeana kwa kazi ataona kwamba ujumbe usiotafsiriwa hauwafikii waokoaji, hata seva ziwe nyingi vipi. Atawasanifia watafsiri zamu, foleni ya kazi na njia ya kuhakiki. Tofauti hiyo, kati ya mchoro wa mfumo wa kabla ya kupitia vigezo na ule wa baada yake, ndiyo ushahidi ninaouamini.

Vigezo hivi vina udhaifu wa kweli: wahandisi wawili wanaweza kuupa uhusiano ule ule alama tofauti, mmoja "juu" na mwingine "chini". Wapimaji wasikimbilie kutafuta wastani. Wawaketishe wawili hao, kila mmoja aeleze alikuwa akimfikiria mtumiaji yupi.