Je, Wajua: Jinsi Saratani ya Ubongo Inavyofika Mgongoni

Meduloblastoma ni uvimbe wa saratani unaoota katika ubongo mdogo, sehemu iliyo upande wa kisogo na inayoratibu mwendo wa mwili, nao huwapata zaidi watoto. Takribani theluthi moja ya wagonjwa hugunduliwa wakati uvimbe umekwisha kusambaa, na aghalabu hausambai kwenye mapafu au ini, bali hubaki ndani ya mfumo wa fahamu, ukashukia mgongoni.

Ubongo na ugwemgongo, yaani shina la mishipa ya fahamu lipitalo ndani ya uti wa mgongo, huzungukwa na ugiligili mwangavu unaovikinga dhidi ya mishtuko. Mtu mzima huwa na mililita 150 hivi za ugiligili huo, ilhali mwili hutengeneza takribani mililita 500 kila siku, kwa hiyo wote hufanywa upya zaidi ya mara tatu kwa siku. Hutengenezwa zaidi katika vyumba vya ndani ya ubongo, ukatokea kwenye chumba cha nne, kinachopakana na ubongo mdogo, ambako meduloblastoma nyingi huota. Seli zinazobanduka huweza kuchukuliwa na mkondo huo hadi kwenye tando nyembamba zinazofunika ugwemgongo, zikaota huko, na mgonjwa akaumwa mgongo, akafa ganzi miguu au akashindwa kuzuia mkojo.

Ndiyo maana uchunguzi hujumuisha picha za MRI za mgongo mzima na ugiligili unaochotwa kwa sindano kiunoni, kama ifanywavyo kupima homa ya uti wa mgongo. Mwaka 1953 Paterson na Farr, watafiti wa Manchester, walieleza tiba ya kuelekeza mionzi kwenye ubongo na ugwemgongo wote, hata pasipoonekana uvimbe. Tiba hiyo iliokoa maisha, lakini hudumaza mgongo na kuathiri uwezo wa kujifunza wa mtoto. Kwa hiyo asiye na dalili za kusambaa hupewa kwa kawaida grei 23.4, ambazo ni kipimo cha mionzi, badala ya 36.

Mwaka 2018, utafiti uliofanywa kwa panya ulionyesha kwamba seli za meduloblastoma huweza pia kuingia katika damu na kurejea kwenye tando hizo hizo. Ugiligili, basi, si njia pekee, na kuzizuia seli hizo kunahitaji kujua kinachozivuta kwenye tando, si kufuata mkondo tu.